Tundu la Mparachichi

Picha ya kwanza iliingia kwenye grupu la WhatsApp la familia Jumamosi, 22 Mei 2021. Kwangu Dar es Salaam ilikuwa saa mbili kasoro usiku, kwao Goma, mashariki mwa Kongo, saa moja kasoro. Haikuwa na neno hata moja. Anga tu, jekundu kama mdomo wa tanuri, na chini yake mstari mweusi wa paa za mabati. Mtu wa kwingine angedhani kiwanda kinaungua. Sisi wa Goma rangi ile tunaijua. Binamu yangu akafuatisha ujumbe wa sauti huku akihema: "Mulima inapasuka. Tuko natoka." Baada ya hapo mtandao ukaanza kukatika, na kila nilichoandika kikabaki na tiki moja ya kijivu.

Kazi yangu ni ramani. Nachora mipango ya matumizi ya ardhi: hapa malisho, hapa mashamba, hapa makazi, hapa msijenge. Siku nyingi ni kazi ya kukaa na kubishana juu ya mstari mmoja. Usiku ule nilifungua kompyuta nikatafuta picha za setilaiti za mji niliozaliwa, kama vile kuna mtu huko juu angenijibu.

Hakukuwa na picha. Watu hudhani setilaiti ni kamera ya ulinzi inayoukodolea mji macho saa 24. Ingekuwa hivyo ningelala.

Nilikuwa na miaka tisa Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipopasuka kabla ya hapo, Alhamisi ya 17 Januari 2002. Ninachokumbuka zaidi ni godoro. Mama alilikunja, akalifunga kwa kitenge, akanitwisha, tukaungana na mji mzima kuelekea mpakani, upande wa Gisenyi, Rwanda. Godoro lilinifunika macho, kwa hiyo safari yote niliona miguu: viatu, ndala, miguu mitupu, gurudumu la mbao la chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, lililobeba bibi mmoja na cherehani yake. Inasemekana tuliokimbia tulikuwa kati ya laki tatu na laki nne. Siku ya tatu tukaanza kurudi, maana Gisenyi hapakuwa na chakula wala pa kulaza watoto, na kila mtu alitaka kujua kama nyumba yake bado ipo.

Lava ilikuwa imekata mji katikati. Nyufa zilifunguka ubavuni mwa mlima upande wa kusini, zikashuka mpaka Munigi, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikapita kwenye maduka, ikalimeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Majengo kama 4,500 yaliangamia na watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Waliokufa wanatajwa kuwa kati ya 100 na 250, na makumi kati yao hawakuguswa na lava yenyewe: walikuwa wakichota mafuta kwenye kituo cha petroli siku chache baadaye, kikalipuka. Sisi tulivuka juu ya lava kurudi nyumbani. Juu ilikuwa imeshika ukoko, lakini ukisimama dakika moja soli ya ndala inaanza kulainika, na Mama alikuwa akituambia tusisimame.

Nielezee kidogo kwa nini mlima huu hauna mfano. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, na mara nyingi ndani ya kreta yake, shimo la kileleni, huwa na ziwa la lava inayochemka. Volkano nyingi lava yake ni nzito, inatambaa, mtu mzima anaiacha kwa miguu yake. Ya Nyiragongo ina silika, madini yanayoipa lava uzito, kidogo sana, karibu asilimia 40, kwa hiyo inatiririka kama uji mwepesi. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko mikali lava ilikwenda kwa kasi ya gari. Wazee wa Kibati, chini ya mlima, waliokuwa vijana wakati ule hawasimulii sana, na ukiwauliza watakuambia habari za majirani, si zao.

Turudi 2021. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake ni za bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti na uvumilivu, wakati ule zilikuwa mbili, na kwa pamoja zilipita juu ya mahali palepale kila baada ya siku tano. Kila pikseli, nukta moja ya picha, ni mraba wa mita 10 kwa 10. Nyumba ya mbao ya Goma, ya vyumba viwili, haijazi hata nusu ya pikseli moja. Halafu kuna mawingu. Milima ya Virunga huvaa mawingu kama mzee anavyovaa koti, asubuhi mpaka jioni, kiangazi na masika. Unasubiri siku tano, picha inakuja, na ni pamba tupu.

Panapokuwa na mwanya, kuna mikanda ya rangi ambayo jicho letu haliioni. Mkanda wa infraredi ya mawimbi mafupi unaonyesha kitu cha moto sana kama kaa kwenye jivu. Lava iliyopoa juu inaonekana nyeusi kwenye picha ya kawaida, lakini kwenye mkanda huo mishipa yake bado inawaka. Mimea nayo hung'aa kwenye infraredi ya karibu, kwa hiyo migomba iliyokuwepo wiki iliyopita na leo haipo inajitaja yenyewe. Unachukua picha ya kabla, unatoa ya baada, na pale palipobadilika ghafla unachora mpaka. Shambani na msituni njia hii inafanya kazi vizuri. Mjini Goma haifanyi, nami nilijua kwa nini, nikajaribu tu.

Goma imejengwa juu ya lava. Lava ya 2002, na chini yake lava za zamani ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Barabara ni nyeusi, vumbi ni jeusi, kuta za nyua ni mawe meusi ya lava yaliyopangwa na kuunganishwa kwa saruji. Kina mama hukaa pembeni ya barabara wakiyaponda yawe kokoto za kuuza. Lava mpya ikiingia kwenye mtaa wa namna hiyo, setilaiti inaona nyeusi juu ya nyeusi. Kinachobadilika ni mabati tu. Paa linang'aa, halafu halipo. Ndiyo alama pekee, na ndiyo iliyoniponza.

Siku chache baada ya mlipuko kulipatikana picha za kibiashara za ukali wa nusu mita hivi kwa kila pikseli. Tangu mwaka 2000 mashirika ya anga ya nchi mbalimbali yana mkataba wa kutoa picha bure panapotokea janga kubwa, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa na wa Ulaya huzigeuza kuwa ramani za uharibifu kwa haraka ya ajabu. Mimi nilijiunga na watu wa kujitolea. Eneo lilikatwa miraba, kila mtu akapewa mraba wake, na kila jengo linawekwa alama: limeharibika, halijaguswa, haijulikani. Mraba wangu ulikuwa upande wa Buhene, ncha ya mtiririko, pale lava iliposimama ikiwa mita mia chache tu kutoka uwanja wa ndege. Nilikaa nao usiku kucha. Pembezoni mwa ile nyeusi palikuwa na safu ya nyumba kumi na moja zisizo na paa. Nikaziweka zote kwenye "limeharibika", nikaenda kulala nikijiona nimefanya la maana.

Wiki iliyofuata nikamtumia binamu ile picha. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Jumamosi ile. "Ile nyumba ya mwalimu haikuungua. Batu batolesha mabati benyewe." Lava ilipokuwa inakuja, polepole sasa kwa kuwa ilikuwa inafika mwisho, wenye nyumba walipanda juu na nyundo, wakang'oa mabati, wakayafunga, wakayapakia kwenye chukudu na kuondoka. Bati ni mali. Ukuta wa mbao unaweza kuutafuta tena, bati linanunuliwa kwa pesa. Kwa hiyo kutoka angani nyumba iliyookolewa kwa akili na nyumba iliyomezwa zilifanana kabisa. Katika zile kumi na moja, tisa zilikuwa zimevuliwa paa na wenyewe. Upande mwingine wa mraba kulikuwa na nyumba tatu nilizoziita "halijaguswa" kwa sababu mabati yalikuwepo, yaking'aa safi, kumbe lava ilikuwa imeingia kwa mlango wa nyuma ikala sakafu na vitanda na kusimama hapo. Nilirekebisha. Sijui ni wangapi hawakuwa na binamu wa kuwauliza.

Wiki ile ardhi ilitetemeka mfululizo. Barabara za mjini zilipasuka, na watu waliorudi majumbani walilala nje. Hapo ndipo rada ilipoonyesha thamani yake, nami nitakaa hapa kidogo maana ni kitu kinachonishangaza mpaka leo. Setilaiti ya Sentinel-1 haitegemei jua. Inatuma mawimbi yake yenyewe, yenye urefu wa sentimita tano na nusu hivi, yanapita kwenye mawingu, yanagonga ardhi, yanarudi. Ukichukua picha mbili za rada za mahali pamoja, moja ya kabla na moja ya baada, na kulinganisha jinsi wimbi lilivyorudi, unapata pete za rangi kama zile za mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la gereji. Kila mzunguko mmoja wa rangi ni kama sentimita 2.8 za ardhi iliyosogea, ama kuikaribia setilaiti ama kuiacha. Unazihesabu pete kama mtu anavyohesabu ngazi gizani.

Pete za wiki ile hazikuzunguka mlima peke yake. Zilishuka kusini, zikapita chini ya mji, zikaingia ziwani. Maana yake magma, mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka nje, ilikuwa imejipenyeza kwenye ufa chini ya Goma, na utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulisema ilifika mita mia chache tu kutoka usoni mwa ardhi. Pale nilipokuwa nikicheza mpira. Ziwa Kivu nalo chini yake limebeba gesi iliyoyeyuka, kaboni dioksidi na methani nyingi kupita kiasi, na hofu ya magma kulifikia haikuwa hofu ya wajinga. Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kwartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za mji zihame. Watu kama laki nne wakatoka tena: wengine Rwanda, wengine kwa boti mpaka Bukavu, wengi kwa barabara moja ya kwenda Sake.

Mama alikuwa Sake. Alinipigia kwa simu ya mtu. Wamelala kwenye darasa la shule, maji ya kunywa ni shida, na barabarani walitumia siku nzima kwa umbali ambao motari, dereva wa pikipiki, humaliza kwa saa moja. Nikamweleza habari za pete, za magma chini ya mji, kwa furaha ya mtu aliyeelewa jambo gumu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Na hiyo karte yako inasema turudi lini?"

Ramani haikusema. Magma haikutoka tena. Matetemeko yakapungua, na kuanzia Juni watu wakaruhusiwa kurudi kidogo kidogo. Waliokufa kwa jumla walikuwa thelathini na kidogo. Kwa mlima ule, ni idadi inayomfanya mtu ashukuru kisha aone aibu kwa kushukuru. Na kumbuka kwamba dalili za kawaida, zile za siku au wiki kabla, safari hii hazikuwepo. Mlima ulipasuka kama chungu.

Sasa tuje kwenye mipango ya ardhi, mahali ambapo mimi ndipo ninapolipwa.

Kila baada ya mlipuko hutokea mtu wa mbali akauliza kwa nini watu wanajenga pale. Swali zuri. Jaribu basi kuchora. Fungua ramani ya Goma, chukua rangi nyekundu, paka kila panapoweza kupitiwa na lava. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, na mpaka unaanzia kwenye kuta za nyumba. Kaskazini ni mlima wenyewe na Hifadhi ya Virunga. Magharibi, njia ya Sake, ni lava ya zamani yenye mazuku.

Mazuku ni neno letu, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo. Utalikuta kwenye majarida yao bila tafsiri. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, maana ni nzito kuliko hewa. Haionekani na hainuki. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Hakuna setilaiti ya bure inayokuonyesha bonde la mazuku la upana wa chumba. Wanaolijua ni wenye mbuzi. Kwa hiyo kwenye ramani yangu mazuku yaliingia kwa njia ya simu, nikimpigia mjomba anayeishi upande wa Mugunga, naye akinitajia: baba, lile shimo nyuma ya kanisa, na lile la karibu na njia ya ziwani, na lile walilozungushia mawe.

Ukimaliza kupaka, mji wote ni mwekundu. Na mji ule mwaka 1977 ulikuwa na makumi elfu ya watu, leo unatajwa kuwa na milioni moja au zaidi. Hawakuja kwa kupenda mandhari. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia kutoka Rwanda. Baadaye vita vya Masisi na Rutshuru vikaleta wengine, mwaka baada ya mwaka, na wengi wakasimamisha mahema Kanyaruchinya na kwingineko juu ya lava, chini ya mlima. Mlima unapasuka mara moja kwa miaka ishirini na kitu. Bunduki zilikuwa zinalia wiki ileile waliyokimbia.

Hata hivyo kuna njia za kisayansi za kuutawanya ule wekundu, kuonyesha pale penye hatari zaidi na pale penye nafuu. Kompyuta inapewa umbo la ardhi, inamwaga lava ya kubuni mara maelfu, inahesabu inapopita mara nyingi. Sawa. Lakini umbo la ardhi linatoka wapi? Data iliyotumika sana duniani ni ya chombo cha anga cha Endeavour, kilichopima miinuko ya dunia kwa siku 11 Februari 2000. Februari 2000! Ni Goma ya kabla ya lava ya 2002. Bonde ambalo lava ile ililijaza, kwenye data bado ni bonde. Ukitumia bila kusahihisha, lava yako ya kubuni itafuata njia iliyokwisha kuzibwa. Na lava ya mjini mara nyingi ina unene wa mita mbili hivi, wakati kosa la data yenyewe linaweza kupita hapo. Nimeona ramani za hatari nzuri sana, zenye rangi za kupendeza, na swali langu la kwanza huwa moja: mlima mliotumia ni wa mwaka gani?

Ningepewa mimi peni moja nyekundu, nisingechora eneo la kutojenga, maana wino wake haukauki kabla watu hawajajenga. Ningechora barabara. Njia za kukimbilia, pana, zaidi ya moja kuelekea magharibi. Kisha ningeondoa vituo vya mafuta kwenye njia ambazo lava imeshazipita, na matangi ya maji ningeyaweka huko watu wanakokimbilia, si wanakotoka. Mambo ya kawaida kabisa. Najua hayapigwi picha.

Na chini ya yote kuna kiwanja, au parseli kama tunavyoita kwetu. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya dola, mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Kwa vitendo mtu ana karatasi ya kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi, au karatasi ya chifu, au karatasi ya mauziano yenye mashahidi wawili ambao mmoja ameshakufa. Na kuna wenye zote tatu zenye vipimo visivyolingana. Mji unaishia mahali fulani na teritwari ya Nyiragongo inaanzia hapo, lakini nyumba hazina habari. Lava ya 2021 iliangukia hasa sehemu hiyo. Niliwahi kuulizwa kwenye mkutano, na bwana mwenye miwani ghali, kwa nini tusiseme tu kwamba ardhi iliyofunikwa haina mwenyewe tena. Sikumjibu vizuri. Nilipaswa kumpeleka kwa shangazi yangu.

Agosti 2021 nilikwenda Goma. Shangazi alikuwa na nyumba Buhene, mbao, vyumba vitatu, choo alichochimbiwa kwa nyundo na tindo kwa mwezi mzima, maana pale hakuna udongo. Unachimba jiwe, na ukifika mita mbili unasherehekea. Vyote vilikuwa chini ya lava. Tulitembea juu yake asubuhi, nikiwa na simu yenye GPS na picha ya setilaiti ya kabla ya mlipuko, ya ukali wa nusu mita. Miguuni kulikuwa na sauti kama ya kukanyaga vigae. Sehemu fulani bado ilitoa joto, na mvua ya usiku ilikuwa ikipanda kama mvuke kutoka kwenye nyufa. Kila pembe ni nyeusi. Kuta za nyua zilizogawa parseli na parseli zilikuwa za lava, na sasa lava imezifunika. Mpaka umezikwa ndani ya kitu kilichoujenga.

Nilijaribu kumwongoza kwa simu. "Shangazi, nyumba ilikuwa hapa." Akaangalia pale nilipoonyesha, akatikisa kichwa, akaendelea kutembea kitenge amekipandisha, akihesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya umeme iliyobaki upande wa barabara. Akasimama. "Ni hapa."

Palikuwa na tundu. Duara safi, upana wa sahani ya kulia, limeingia wima ndani ya jiwe. Nikapiga magoti nikaangalia. Kuta zake za ndani zilikuwa na mikunjo na mistari, ramani ya gamba la mti. Lava nyepesi namna ile ikiukuta mti inauzunguka, inaganda kwa kuukumbatia, mti unaungua ndani polepole, linabaki tundu lenye umbo lake. Ulikuwa mparachichi. "Avoka yangu," alisema, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa mkaa mdogo, akaufunga kwenye pindo la kitenge.

Nikaweka alama kwenye simu. Nikafungua ile picha ya kabla, nikatafuta. Na kweli, kando ya paa lake kulikuwa na kijiduara cha kijani kibichi, kichwa cha mti, umbali wa mita tatu kutoka kwenye alama yangu. Kwa simu ya kawaida, mita tatu ni kugonga msumari kichwani. Wapima ardhi hufukia bikoni za zege ili waje wazikute baada ya miaka; hii hakuna aliyeifukia, na haitang'olewa na mtu yeyote usiku. Kutoka tundu tungeweza kurudi kwenye picha, kupima paa, kupima ua, kuirudisha parseli nzima juu ya lava kwa kamba na rangi. Nilikuwa naona tayari mtaa mzima ukirudishwa hivyo, tundu kwa tundu. Nilimkumbatia. Akashangaa, lakini akakubali kukumbatiwa.

Kabla hatujamaliza kufunga kamba akaja mzee, jirani wa upande wa chini, na kijana wake. Salamu ndefu, pole kwa pande zote mbili, nani kafa, nani yuko Sake bado. Kisha akaangalia tundu, akamwangalia shangazi, akasema kwa upole kabisa: "Mama, hii avoka ni yangu."

Nikamwonyesha picha nikidhani itamaliza maneno. Akaomba miwani ya kijana wake, akaisogeza simu karibu, akaweka ukucha wake kwenye kioo. Kando ya kichwa cha mti nilichokiona mimi kulikuwa na kingine, kidogo zaidi, kimefunikwa nusu na kivuli cha paa. Viwili. Nilipima: mita sita kutoka kimoja hadi kingine, na kati yao, mahali fulani, ukuta wa mawe meusi ambao picha haiuonyeshi. Alama yangu ya GPS ilianguka karibu zaidi na mti wa shangazi, lakini kosa la simu yenyewe ni mita nne kila upande.

Tundu la pili hatukuliona. Shangazi na yule mzee waliinama, kila mmoja kwa fimbo yake, wakigongagonga lava wakisikiliza penye mwangwi, na mimi na kijana tukawafuata nyuma na kamba, mpaka giza likaingia.